Mwaka wa Mwisho wa Mbolea ya Ruzuku

Siku tuliyoanua matanga ya baba walikuwepo baba mdogo, aliyekuja kutoka Songea mjini na pikapu ya tajiri wake; shangazi yetu wa Hanga; katekista wa kigango chetu; katibu wa chama cha msingi cha ushirika; wazee wachache wa jirani, kila mmoja na kigoda chake; mama jirani, ambaye ndiye aliyesimamia jiko, na wanawake wawili wa kumsaidia; na sisi watoto watatu wa marehemu, tuliokaa kwenye mkeka mmoja chini ya upenu kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena. Majina yao nayaacha. Baadhi yao bado tunakutana kanisani na sokoni, na hakuna aliyenituma kuyaandika haya.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, mama alipofariki, kwa kuwa nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kumbeba mtoto. Mtoto huyo, mdogo wetu wa mwisho, siku ile alikuwa amelala mapajani mwangu. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alikuwa ameshika pindo la khanga yangu kama mtu anayevuka mto. Nilitaka kumwambia aiachie, aonekane mkubwa mbele ya wazee, lakini na mimi nilikuwa nimemkumbatia mtoto kwa nguvu hivyo hivyo.

Tulijua kwa nini wamekuja. Baada ya sala na chakula, wangetugawa.

Niseme kwanza habari ya mbolea, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kilichotokea. Kwetu, upande wa Mpitimbi, tulilima mahindi, na mahindi yetu yalikuwa ya mbolea ya dukani. Serikali ililipa sehemu ya bei, mkulima akachukua mifuko kwa mkopo kwenye chama cha msingi, na akishavuna chama kikakata chake kwenye mahindi aliyopeleka ghalani. Hiyo ndiyo ruzuku tuliyoijua. Baba alikuwa akisema ardhi yetu imeshazoea, ukiinyima inanuna. Na kweli, palipokosa mbolea mahindi yalitoka mafupi na ya njano, na gunzi lake unaweza kulifumbata kwenye kiganja.

Mwaka ule redio ilikuwa inasema kila jioni kwamba mambo yanabadilika. Biashara ni huria, mwenye lori anunue, mwenye duka auze, na ruzuku inaondolewa. Watu walibishana kilabuni kama ni kweli. Baba hakubishana. Alikwenda ghalani mapema, akiwa anakohoa tayari, akachukua mifuko ya kupandia na mifuko minne ya SA, ile mbolea nyeupe ya chengachenga ya kukuzia mahindi yakishaota. Tukapanda mimi na mdogo wangu, mtoto mgongoni, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa tuta na kutuonyesha kwa fimbo. Mahindi yalipofika magotini, baba akafariki. Ile SA ilikuwa bado ndani, imepangwa juu ya magogo chumbani kwake. Mfuko mmoja alikuwa ameufungua kuiangalia kama imeganda, na kiasi alichochota alikitia kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia na kukiweka kwenye kichanja juu ya mafiga, kwenye moshi, ili kisishike unyevu. Kila mwaka alifanya hivyo, na kopo hilo ndilo tulilokwenda nalo shambani.

Ndani ya siku za matanga hatukuruhusiwa kushika jembe. Nilikuwa nikitoka nje alfajiri nachungulia shamba kutoka uwanjani. Majani ya chini yalikuwa yameanza kupoteza kijani. Mahindi yalikuwa yanaisubiri SA, SA ilikuwa ndani, na mimi nilikuwa kwenye mkeka.

Jikoni pia sikuruhusiwa. Kwetu aliyefiwa hapiki wala hasogezi sufuria mpaka matanga yaanuliwe. Majirani ndio wanaoingia jikoni kwako, wanatafuta chumvi yako na mwiko wako, na wewe unakaa kimya hata ukisikia wanauliza kitu kiko wapi.

Katekista alipomaliza sala, mzee mmoja alisimama akauliza kama ilivyo desturi:

"Anayemdai marehemu aseme sasa. Na anayedaiwa na marehemu, naye aseme, asijifiche nyuma ya mgongo wa mwenzake."

Wakacheka kidogo. Katibu wa chama akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata ndani ya nyumba.

"Chama kinamdai," alisema. "Mbolea ya kupandia imeshaingia ardhini, hiyo siwezi kuifukua. Lakini mifuko ya SA iko humu. Mwenye nyumba hayupo. Nataka kujua nani atakuza yale mahindi na nani atalipa. Kama hakuna, kesho naja na mkokoteni niichukue. Wapo watu wengi wanaililia. Mwakani hatutaipata kwa bei hii."

"Hakuna haja ya mkokoteni," baba mdogo alisema. "Gari ninalo hapo nje."

Akaeleza mpango wake, na aliueleza vizuri, kwa sauti ya upole. Nyumba hii haina mtu mzima. Yeye atamchukua kijana, akasaidie dukani kwa tajiri wake. Shangazi amchukue mdogo, aende naye Hanga. "Na huyu dada yao ameshakua. Kuna familia mjini inatafuta binti wa kazi. Watu wazuri." Shamba litakuwa chini yake. Na mbolea ataipeleka mjini, kuna mfanyabiashara atainunua kwa bei ya sasa, chama kitalipwa chake, na kitakachobaki kitawafaa watoto.

"Kitakachobaki," alirudia mzee mmoja taratibu.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ananitazama pia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini hakukataa. Alikuwa na watoto saba. Kumchukua wa nane ulikuwa wema mkubwa, nami nilijua.

Sikuwahi kuogopa vile. Siku ya mazishi nililia tu, sikuogopa. Siku ile niliona nyumba yetu ikifungwa kwa kamba kutokea nje. Niliona mdogo wangu akiwa nyuma ya kaunta mjini, na huyu mwingine akikua Hanga bila kuujua uso wangu. Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Mimi nitakuza. Na nitalipa."

"Utalipa na nini, mwanangu?" aliuliza katibu.

"Na mahindi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na huyu." Nikamgusa mdogo wangu kichwani.

Wazee wakaguna. Baba mdogo akatabasamu, akasema, "Haya, chama cha ushirika kimepata wanachama wapya, mmoja bado anaota meno." Walicheka. Mdogo wangu akakaza midomo, kwa sababu kweli alikuwa na pengo mbele.

Ndipo mama jirani alipotokea mlangoni mwa jiko, huku anafuta mikono. Alikuwa mjane aliyetoka upande wa Tunduru, Mwislamu, aliyefika kwetu na mumewe enzi za kutengeneza barabara, na mumewe alipokufa hakurudi. Ndiye aliyekuwa rafiki wa mama. Mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani, naye alikuwa amefunga, lakini tangu alfajiri alikuwa anawapikia watu wa kigango chetu.

"Katibu," alisema, "mimi nina shamba, na deni langu la mwaka jana nililimaliza. Nasimama nyuma ya hawa watoto. Wakishindwa, njoo kwangu."

"Wewe si wa ukoo," baba mdogo alisema.

"Sijasema ni wa ukoo, shemeji. Nimesema nasimama."

Katibu alizungusha kofia mkononi. Nilimwona anafikiri. Mzee aliyeuliza madeni akasema watu wale kwanza, njaa haiamui mambo vizuri, na baada ya chakula watatoa neno moja. Wakakubali. Nami nikaanza kupumua, maana nilihisi wazee wameanza kuegemea upande wetu.

Walileta ugali na maharage. Kama ilivyo, wanaume walitangulia: katibu, katekista, baba mdogo na wazee, kwenye mkeka wa sebuleni. Nakumbuka ule mvuke ulikuwa na harufu iliyochoma pua, na mmoja wa wanawake alisema kwa sauti ya chini, "Haya ni maharage ya mwaka juzi." Wengine walidhani ni magadi yamezidi. Kwenye msiba mtu hasemi chakula kibaya. Walikula. Nilisikia baba mdogo akisema kwa heshima, "Yana uchungu kidogo," na katekista akajibu, "Ni mboga ya wenye huzuni, mzee." Wakaendelea.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameamka, na mmoja wa wale wanawake akamwekea mchuzi kwenye kibakuli. Alikunywa mara mbili, akakunja uso, akanipa.

Sijui ilichukua muda gani. Si mrefu. Mzee wa kwanza alitoka nje akiwa ameshika tumbo, nikafikiri anakwenda chooni tu. Kisha katekista. Kisha nikasikia mtu anatapika kwenye migomba, na mwingine, na baba mdogo akapita mbele yetu akiwa ameinama, jasho linamtoka, akaangukia magoti kwenye matope karibu na gurudumu la pikapu. Na hapo hapo mtoto akanitapikia kwenye khanga.

Nilimkaza kifuani. Alikuwa analia, na nilifurahi kwamba analia, kwa kuwa nilisema moyoni, anayelia yuko hai. Mdogo wangu akauliza, "Dada, tunakufa?" Nikamwambia aende akalete maji mtungini, mengi. Alikimbia. Nilimnywesha mtoto, akatapika tena, nikamnywesha tena.

Baba mdogo aliinuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nani kapika?"

Wote tulijua nani kapika.

"Nani kapika maharage haya? Yule pale! Mbona yeye hakula?"

"Nimefunga," alisema mama jirani. Alikuwa amesimama uwanjani, mwiko mkononi, mvua inamnyeshea. "Mnajua nimefunga."

"Amefunga! Kaka yangu amekohoa mwaka mzima, na nani alikuwa anamletea uji? Nani? Sasa anajitia kuwasimamia watoto. Watoto, au shamba?"

Wazee waliokuwa na nguvu ya kusimama walianza kusogea. Nimeona tangu utoto jinsi jambo la namna hiyo linavyokwenda. Linaanza na mtu mmoja kuuliza swali, na siku chache baadaye nyumba haina paa. Mmoja wa wale wanawake wawili aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika na kurudi nyuma, mbali naye, kama vile hawakuwa wamepika pamoja tangu asubuhi.

"Wallahi, sijatia kitu," mama jirani alisema. "Maharage, magadi, chumvi. Chumvi yangu iliisha, nikachukua ya humu humu jikoni."

Nilimsikia vizuri. Ndani ya nyumba yetu hapakuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa imeisha tangu wiki ya mazishi, na ndiyo maana yeye alikuja na ya kwake.

Nilimweka mtoto mikononi mwa shangazi, nikainuka, nikaenda jikoni. Shangazi aliniita, "We! Matanga hayajaanuliwa!" Sikugeuka. Nilipita kizingiti ambacho sikupaswa kupita. Kichanja kilikuwa tupu, na kopo la baba lilikuwa chini, karibu na sufuria, kifuniko kiko pembeni na upawa mdogo uko ndani. Lilikuwa limepungua sana.

Nikatoka nalo nje.

"Ni hii," nilisema. "Si sumu ya mtu. Ni SA ya baba."

"Weka chini!" baba mdogo alipiga kelele. "Usimsogelee mtu na hilo kopo!"

Sasa mimi pia nilikuwa mshukiwa. Niliona kwenye macho yao. Msichana anayetaka kubaki na shamba, ametoka jikoni na kopo mkononi. Nilijua ladha yake, kwa sababu nikiwa mdogo niliwahi kuilamba nikidhani ni sukari, na baba akanichapa, kisha akakaa na mimi mpaka jioni akinitazama. Lakini kuilamba ukiwa mtoto ni jambo moja, na kuilamba mbele ya watu wanaotapika ni jambo lingine. Nilichota kwa vidole, nikatia mdomoni, nikafumba mdomo. Ilichoma ulimi, chungu na chumvi kwa pamoja. Nikaimeza.

"Ukilamba utajua," nilimwambia katibu. "Wewe ndiye uliyetupimia."

Katibu alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Aliniashiria nisogee. Alitia kidole koponi, akagusisha kwenye ulimi, akatema.

"SA," alisema. "Mungu wangu. Nimekula mbolea ya chama."

Mama jirani aliachia mwiko ukaanguka. Alikaa pale pale kwenye matope, akafunika uso kwa mikono. "Sikuonja," alisema. "Nisingeweza kuonja. Nilikuwa nimefunga." Alirudia hivyo mara nyingi, mpaka shangazi akaja akampa mtoto ampakate, na nadhani shangazi alifanya vile kwa makusudi, mbele ya watu wote.

Ni yule mzee wa madeni aliyesema kwanza. Alikuwa ameshika mgomba kwa mikono miwili, ametapika mpaka basi.

"Kwa hiyo tutaota?" aliuliza. "Maana nahisi kitu kinachomoza."

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine. "Wewe huoti," katekista alimwambia, "wewe ni mbegu ya zamani." Walicheka huku wanajishika matumbo, na kucheka kukawaongezea maumivu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa na wadogo zangu, mkono mmoja kwenye kifua cha mtoto, nahesabu anavyopumua. Yeyote aliyeniambia ameshapona sikumwamini. Nilikaa vile mpaka watu walipoondoka.

Neno lao walilitoa jioni, wakiwa dhaifu wote, wamekunywa maji na togwa. Mzee akasema watoto wapewe msimu mmoja. Katibu akakubali, na mama jirani abaki mdhamini. Baba mdogo hakubisha, aibu ilikuwa bado imemkaa. Lakini alipokuwa anapanda gari aliniita dirishani.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Nyie ni damu ya kaka yangu. Siku nikija nikakuta mnalala njaa, sitaitisha kikao. Nitawapakia."

"Sawa, baba mdogo."

"Mwezi wa saba nakuja."

Kesho yake tuliingia shambani. Mdogo wangu alikuwa na kizibo cha soda, kila shina kizibo kimoja, na mimi nilifukia nyuma yake kwa jembe. Pengo la ile iliyopotea kwenye maharage tuliliona baadaye, maana mbolea haikufika mwisho wa shamba. Mistari ya mwisho, kuelekea bondeni, haikupata. Baada ya wiki mbili ungeweza kuona mpaka wake kama mtu kapiga rula: huku kijani, kule njano.

Msimu ule wote niliishi kwa kusikiliza. Mlio wowote wa gari barabarani ulinisimamisha. Mdogo wangu alianza kufanya hivyo pia. Tulikuwa tukipalilia, gari likilia mbali, majembe mawili yanasimama kwa pamoja mpaka lipite. Mvua ikikatika siku chache, nilishindwa kula. Ikizidi, nilishindwa kulala. Tulipokuwa bado hatujamaliza kukuza, mfanyabiashara mmoja alipita na lori akiuliza nani ana mbolea ya ruzuku iliyobaki, analipa hapo hapo, taslimu. Jirani zetu wawili waliuza. Nami nilikuwa na mfuko mmoja haujaisha, na ndani hatukuwa na sabuni wala mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni nikamwambia hatuna. Alichungulia juu ya bega langu, akasema, "Dada, ukiwa na njaa utanikumbuka." Nilimkumbuka mara nyingi.

Mama jirani alikuja kila Ijumaa. Hakupenda kuingia jikoni kwetu tena. Alikaa uwanjani, akipukuchua mbegu za maboga, na akitaka kitu humo ndani alimtuma mtoto.

Tulivuna. Hayakuwa mahindi ya baba, lakini yalikuwa mahindi. Kihenge kilijaa kupita nusu, na yaliyobaki tuliyaweka kwenye magunia kwa ajili ya chama. Katibu alikuja mwenyewe nyumbani, na mizani ya kuning'iniza, maana ghalani siku hizo hapakuwa na mtu wa kupokea. Chama kikuu cha ushirika kilikuwa kimeacha kutuma malori ya kubeba mahindi. Alikuwa anapima gunia la mwisho pikapu ilipoingia uwanjani.

Baba mdogo alishuka, akaitikia shikamoo zetu, akazunguka nyumba. Alichungulia kihenge. Akarudi akasimama mbele ya mizani.

"Wamemaliza?" alimuuliza katibu.

Katibu angeweza kusema ndiyo. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. "Bado," alisema. "Yamepungua magunia matatu."

"Basi wameshindwa. Nyie, kusanyeni nguo."

Mdogo wangu hakulia. Alikwenda akasimama mbele ya mlango wa nyumba, akaweka mikono yake kwenye miimo miwili, kushoto na kulia, na akabaki pale. Mimi nilisimama mahali nilipokuwa, na mtoto mgongoni.

"Unawachukua?" katibu aliuliza.

"Nawachukua."

"Haya. Basi na deni nalihamishia kwako. Huwezi kunichukulia mdaiwa ukaniachia nyumba tupu; mdhamini aliwasimamia watoto, si nyumba. Lini utaniletea hayo magunia?"

"Deni gani tena? Mimi sikula mbolea ya mtu!"

"Uliila, shemeji," alisema mama jirani kutoka alipokaa. "Tena uliila na ugali."

Katibu aligeuka upande mwingine, mabega yanamtikisika. Baba mdogo alimtazama mama jirani, akanitazama mimi, akatazama mizani. Nilidhani atapiga mtu. Akasema kwamba yeye hana mahindi, yeye ni dereva, mshahara wake ni wa tajiri. Akasema atakuja tena deni likiisha. Kisha akamwita mdogo wangu atoke mlangoni, akampa mkate aliokuwa ameuleta kutoka mjini, akaondoka.

Katibu alifunga mizani yake kwa kamba. "Usilipe haraka," aliniambia kwa sauti ndogo, bila kunitazama. "Lakini ulipe."

Mwaka uliofuata mbolea ililetwa na wenye maduka, na bei yake ilikuwa ya wenye maduka. Tulipanda bila hiyo, shamba dogo, nalo likanuna kama baba alivyosema. Hata hivyo nilitenga gunia moja, nikalipeleka kwa kichwa mpaka ghalani. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu. Nilimkuta katibu kwake, anapura maharage na mkewe, nikalitua mbele yake.

"Rudi nalo," alisema. "Nikilipokea, nitalipokea kwa niaba ya nani?"

Nilimuuliza kama basi deni limekufa. Alifikiri, mikono kiunoni. Akasema hapana, hajaambiwa na mtu yeyote kwamba limekufa, na yeye hana mamlaka ya kuliua. Nilijitwika gunia nikarudi nalo. Wadogo zangu walikuwa wananisubiri njiani. Walipoliona bado liko kichwani, wakakimbia kunipokea, na tukala mahindi ambayo hayakuwa yetu. Magunia yale matatu bado nadaiwa.